Huyo "mbu dume" wa bafuni kwako ni spishi mpya? Ngoja kwanza nikueleze

Swali lenyewe kwa kifupi, kwa wale ambao hawajaliona. Ndugu mmoja anakaa jirani na Amani, kule Usambara Mashariki, anasema kila mvua zikianza bafuni kwake wanajaa wadudu kama mbu ila wakubwa, miguu mirefu ya ajabu, wengine mabawa yana madoa ya kahawia. Nyumbani wanawaita mbu dume na watoto wanawakimbia. Kampiga picha mmoja na simu, kaiweka kwenye apu ya kutambua wadudu, apu ikamtajia kundi tu, spishi ikagoma. Sasa anauliza: ina maana ni spishi mpya? Kama ni mpya anaweza kuipa jina la bibi yake aliyemlea? Na kwa nini sisi tunaojiita wataalamu hatuwezi kuangalia picha tukasema tu huyu ni fulani?

Kaka, shikamoo kwa bibi kwanza, halafu twende taratibu maana maswali yako matatu ni kama swali moja lililojificha.

Tuanze na hilo jina la mbu dume. Huyo siyo mbu, wala dume wala jike. Ni nzi wa kundi linaloitwa Tipuloidea, Kiswahili cha kwake peke yake mimi sijawahi kukisikia, kila mahali nilipopita watu wanamfanya mbu wa aina fulani. Hana mdomo wa kuchoma, hanyonyi damu, wengi wao wakishakuwa wakubwa wanakula kidogo sana, nekta kidogo na maji, wengine ni kama hawali kabisa, wanatafuta mwenza wanataga wanakufa. Ule mkia uliochongoka unaowatisha watoto ni wa jike, ni wa kutagia mayai kwenye udongo mbichi au kwenye magogo yanayooza. Na lile la kwamba anakula mbu nalo siyo kweli, limeenea hadi Marekani huko, ila siyo kweli. Nadhani huku kwetu linachanganywa na mbu wa kweli anayeitwa Toxorhynchites, ambaye ni mkubwa, anang'aa kama ana rangi ya chuma, mdomo umepinda kwenda chini, viluwiluwi vyake ndivyo vinavyokula viluwiluwi vya mbu wengine kwenye mashimo ya miti, na mwenyewe akikua haumi mtu. Ukitaka kuwatofautisha angalia bawa: mbu ana magamba madogo madogo kwenye mishipa ya bawa, yanatoka kama vumbi kidoleni, huyu wako hana. Halafu mwangalie mgongoni kati ya mabawa, kuna mfereji umechorwa kama herufi V. Hiyo V ndiyo kitambulisho chao. Na nyuma ya mabawa utaona vijiti viwili vyenye vichwa kama njiti za kiberiti, nzi wote wanavyo ila kwa huyu vinaonekana hata bila miwani.

Sasa swali. Inawezekana ni spishi mpya? Inawezekana kabisa, na siyo kwa ajabu unayoifikiria. Lakini apu kushindwa siyo ushahidi wa chochote, naomba hili likae vizuri kichwani. Apu inajua kile ambacho watu wamepiga picha wakakipa jina sahihi. Wadudu hawa wa milima ya kwetu wengi wana majina tayari, wamepewa miaka 80 au 100 iliyopita, ila picha zao hakuna mtu aliyewahi kuziweka popote, kwa hiyo apu haiwezi kuwajua hata wangekuwa ndio wa kawaida kuliko wote kijijini kwenu. Kutokujulikana na apu ni kitu kimoja. Kutokujulikana na sayansi ni kingine. Kati ya hivyo viwili kuna makabati ya makumbusho yaliyojaa pini na kuna makaratasi ya zamani mengi sana.

Mengi kiasi gani? Spishi zilizoshapewa majina duniani za kundi hili zimepita 15,000. Yaani ni moja ya makundi makubwa kabisa ya nzi. Na hapa lazima nimtaje mzee mmoja kwa sababu huwezi kugusa wadudu hawa bila kugongana naye: Charles Paul Alexander, Mmarekani, alizaliwa 1889 akafa 1981, alifundisha chuo huko Amherst, Massachusetts. Huyu peke yake ametoa majina ya spishi zaidi ya 11,000, karibu zote za hawa hawa wa miguu mirefu. Piga hesabu, ni kama spishi 3 kila wiki kwa miaka 70 bila likizo. Mke wake Mabel ndiye alikuwa anakusanya naye na kutunza kumbukumbu zao, na mimi naamini bila yule mama ile kazi isingefika hata nusu. Watu walikuwa wanamtumia vifurushi kutoka kila kona, na Afrika Mashariki na Congo zimo. Mkusanyo wake sasa uko makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Kuna wanaomlaumu, na mimi ni mmoja wao siku nikichoka. Maelezo yake mengi ni mafupi, aya moja mbili, rangi ya kifua, rangi ya miguu, mishipa ya bawa, basi. Mengine hayana mchoro. Mengine kayaandika kwa kutumia jike mmoja tu, na jike kwenye wadudu hawa ni shida nitakuambia kwa nini. Lakini bila yeye tungekuwa wapi, kwa hiyo namlaumu halafu namshukuru, ndivyo ilivyo.

Haya, kwa nini picha haitoshi. Wadudu hawa wengi wanafanana mno kwa nje. Rangi inabadilika kutokana na umri, yule aliyetoka kwenye ganda jana ni mweupe kidogo, wa wiki iliyopita kakolea. Madoa ya bawa yanasaidia ila spishi nne tano zinaweza kuwa na madoa yale yale. Panapotofautiana kweli ni mwisho wa tumbo la dume, kwenye viungo vya kujamiiana. Dume ana vibanio pale nyuma vya kumshika jike, na hivyo vibanio kila spishi ina umbo lake, vingine vina meno, vingine vina pembe, vingine vimepinda kama ndoana, na vimekaa kwa mpangilio ambao ukishauona huwezi kuuchanganya na wa mwingine. Ndiyo maana jike ni shida. Mkia wa jike kwa spishi nyingi ni mkasi tu wa kuchimbia, tofauti ni ndogo na hazijachunguzwa vya kutosha.

Ili uvione hivyo vibanio unakata ncha ya tumbo, unailoweka kwenye hidroksidi ya potasiamu usiku mzima (au unaipasha moto kidogo kama una haraka, na ukizidisha inayeyuka yote, nimeshalia mimi), nyama inaisha linabaki ganda, unalisafisha kwa maji, unaliweka kwenye tone la glisirini chini ya hadubini, halafu unakaa unachora. Unachora upande, unachora juu, unageuza unachora tena. Ukimaliza ile ncha inaingia kwenye kichupa kidogo kinachochomwa pini moja na mdudu mwenyewe ili visije vikaachana milele. Hiyo ni kazi ya mdudu mmoja. Sasa niambie picha ya simu kutoka ukutani bafuni, mdudu kakaa kaangalia juu, utaona nini hapo.

Na hata ukishaviona bado hujagundua kitu. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi kazi yetu, wanadhani kugundua ni kule msituni na wavu. Msituni ni kukamata tu. Kugundua kunatokea mezani, siku unapoweka mchoro wako pembeni ya kila mwenzake anayefanana naye na ukashindwa kumpata. Na wenzake wako wapi? Wale wa wakati wa Wajerumani, maana Amani hapo kwenu kulikuwa na taasisi yao ya utafiti tangu 1902, wengi walipelekwa Berlin. Wa wakati wa Mwingereza wako London. Wa Congo wako Tervuren, Ubelgiji. Wa yule mzee wako Washington. Yaani mdudu alikamatwa Tanga, babu zetu ndio walibeba mizigo, na leo mtu wa Tanga akitaka kumwona aombe visa. Hilo linanikera na sitajifanya halinikeri. Afadhali siku hizi makumbusho mengi yanapiga picha vielelezo vyao na kuziweka wazi, na ipo orodha ya dunia nzima ya wadudu hawa mtandaoni, imejengwa na Mholanzi Pjotr Oosterbroek, bure, unaweka nchi inakutolea kila spishi iliyowahi kutajwa hapo na maandiko yake. Kabla ya orodha hiyo kazi hii ilikuwa ni kuandika barua na kusubiri.

Nikupe yaliyonikuta mwenyewe. Miaka ya nyuma nilipata dume mmoja kwenye kijito cha Uluguru, mabawa yana utepe mweusi, vibanio vyake vina pembe mbili sijawahi kuona popote. Nikajua hapa nimepata. Nikachora miezi miwili, nikamtafutia na jina, nikaanza kuwatambia wenzangu. Halafu mzee mmoja wa ofisini, mtu wa maneno machache, akaniuliza umeangalia na majike? Sikuwa nimeangalia, kwa sababu nilikuwa nalinganisha madume na madume. Kwenda kuangalia, mdudu wangu alishaelezwa zamani, jike tupu, kwenye jenasi nyingine kabisa (jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ndilo linalotoa jina la mbele), na bawa ni lile lile utepe ni ule ule hadi nukta ya pembeni. Kwa hiyo nilichokuwa nacho siyo spishi mpya, ni mume wa spishi ya zamani. Kina faida yake hicho, ila siyo kile nilichokuwa nimewatambia watu.

Hapo utaona pia ni kwa nini uainishaji wenyewe haujatulia. Kundi hili wengi wanaligawa familia nne. Limoniidae ndio wengi, zaidi ya spishi 10,000, hawa ni wale wadogo wadogo ambao mara nyingi wakitua wanafunga mabawa mgongoni. Tipulidae wenyewe ni zaidi ya 4,000, wakubwa, mara nyingi wanakaa wametanua mabawa kama ndege ya karatasi, na kile kipande cha mwisho cha vipapasio vya mdomoni ni kirefu kama mjeledi. Zimebaki mbili ndogo, Pediciidae kama spishi 500 hivi, utawajua kwa macho yenye vinyweleo, na Cylindrotomidae kama 70. Hizo mbili bafuni kwako usihangaike nazo. Sasa kuna wanaosema zote nne ni familia moja tu, na 2010 kuna watafiti waliunganisha vinasaba na maumbile wakapendekeza ziwe familia mbili, Pediciidae peke yake na wengine wote wawe Tipulidae. Wapo waliokubali, wapo wanaoendelea na nne kwa sababu ndivyo orodha ilivyopangwa na ndivyo walivyozoea. Mimi natumia nne. Siyo kwa ushujaa, ni kwa sababu nikimtafuta mdudu nampata haraka.

Usije ukadhani mvutano huo ni upuuzi wa maprofesa, kwa sababu mdudu wako akihamishwa jenasi jina lake linabadilika. Mfano uko hapa hapa kwetu na hauna uhusiano na nzi: kipunji. Yule nyani wa Rungwe na Ndundulu alitangazwa 2005 akawekwa jenasi ya Lophocebus, mwaka uliofuata ikaonekana hakai humo akatengenezewa jenasi yake, Rungwecebus. Neno kipunji lilibaki, jina la mbele ndilo lililobadilika. Na kipunji ananisaidia kwa jambo lako lingine pia, kwa sababu mwanzo alitangazwa kwa kutumia picha, hakukuwa na mwili. Ilizua maneno. Ni mwili wa kipunji mmoja mchanga aliyenaswa kwenye mtego wa mkulima ndio uliokuja kuonyesha kwamba ni jenasi ya peke yake. Halafu 2015 watu wakatangaza nzi mmoja wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, kwa picha tu, ikawa vita upya. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama hazikatazi moja kwa moja, mdudu wa pichani anaweza kuhesabika hata kama alitoroka, lakini kwa hawa wa miguu mirefu ukileta picha tupu nitakuwa wa kwanza kukupinga. Umeshaelewa sababu.

Kanuni zenyewe, tukija kwenye jina la bibi, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hakuna ofisi inayokaa kupitisha spishi. Jina linaanza kuishi siku linapochapishwa kihalali: andiko lenye maelezo ya kumtofautisha na wenzake, na mdudu mmoja, mmoja tu, anayetajwa kuwa holotaipu, yaani ndiye mbeba jina, na useme anatunzwa makumbusho gani. Likichapishwa mtandaoni peke yake, tangu 2012 linakubalika ila lazima lisajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Na mwenye kutangulia ndiye mwenye haki, kurudi nyuma hadi 1758, mwaka ule Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo huu wa majina, alipochapisha toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae. Jenasi ya Tipula imeanza humo humo.

Kuhusu kumpa bibi heshima, inaruhusiwa. Tuseme anaitwa Halima, jina linakuwa halimae, mwanamke anapata -ae mwanaume anapata -i, mahali mara nyingi panapata -ensis. Ila anayetoa jina ni anayeandika, siyo aliyekamata. Kawaida ni kwamba mwandishi akimpokea mdudu kutoka kwako anakuuliza, au anampa jina lako wewe, ni ustaarabu siyo sheria. Kujipa jina mwenyewe hakuna kifungu kinachokuzuia ila watu watakucheka hadi uzeeni.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini "si mpime DNA tu yaishe". Tunapima. Kuna kipande cha jeni kinaitwa COI, herufi 658, kinatumika kama bakodi ya dukani, unakata mguu mmoja (na hawa miguu ndio wanayoitupa ovyo, ukiwashika tu inakubakia mkononi) unapeleka maabara. Ni kitu kizuri sana, kingeniokoa kwenye lile la dume na jike maana mke na mume wangetoa bakodi moja. Lakini bakodi inakuambia huyu anafanana na nani kwenye hazina ya bakodi zilizokwisha kukusanywa, na kama hazina haina wadudu wa Usambara itakujibu kama apu yako: sijui. Na wale wa 1910 wamekauka kwenye pini, kupata vinasaba vyao inawezekana ila ni gharama, na makumbusho hayafurahii mtu aje amkate mguu mbeba jina. Kwa hiyo mchoro wa vibanio bado ndio mwamuzi.

Ndiyo maana inachukua muda. Kuna utafiti wa 2012 uliopima muda kati ya siku kielelezo kinakamatwa na siku kinapotangazwa kuwa spishi mpya, kwa viumbe vya kila aina, wastani ulikuwa miaka 21. Miaka 21 mtu amekaa ndani ya boksi. Wengi wa hao wapya wa Usambara, ukiniuliza mimi, wameshakamatwa tayari. Wako kwenye chupa za spiriti zilizotoka kwenye mitego ya Malaise, ile kama hema ya wavu ambayo mdudu akigonga anapanda juu na kudondokea chupani, mtu alikuwa anatafuta nyuki akachukua nyuki wake, wengine wote wakaandikiwa "nzi mbalimbali". Huyo wa bafuni kwako yeye ana nafasi ndogo, nikuambie ukweli, maana wanaofuata taa ya nyumbani mara nyingi ni wale walioenea. Kuna mmoja anaitwa Conosia irrorata, mabawa yamejaa nukta pembezoni, anapatikana kuanzia Afrika hadi Australia, huyo anakuja kwenye taa. Wapya watafute kwenye vijito vya ndani, kwenye miamba inayochuruzika maji yenye kuvu la kijani, kwenye magogo yaliyolainika.

Ila usichukue wavu ukaingia msituni kesho. Amani ni hifadhi, unahitaji ruhusa ya TFS, wakala wa misitu, na ukitaka kufanya utafiti wenyewe kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Ndugu zetu wa Kenya kwao ni NACOSTI, tume yao ya sayansi, na KWS, shirika lao la wanyamapori. Kumtoa mdudu nje ya nchi ni vibali vingine tena. Tafuta mtu wa chuo au wa hifadhi uingie kwa mgongo wake.

Kwa hawa wa bafuni piga picha nne badala ya moja: juu mabawa yakionekana, ubavuni, usoni, na mkia kwa karibu kabisa, weka na rula ya mtoto wa shule pembeni. Mkia uliochongoka ni jike, uliobutuka kama ngumi ni dume, nitumie madume. Ukimkuta amekufa mwenyewe dirishani usimshike na vidole, msogeze kwa karatasi, ikunje pembetatu kama wauza karanga, miguu iliyodondoka iingie humo humo. Juu ya karatasi andika kwa penseli, siyo kalamu ya wino maana wino ukikutana na spiriti unakimbia: kijiji, mwinuko kama simu inakuonyesha, tarehe, alikuwa wapi, jina lako. Mdudu bila tarehe na mahali kwangu ni takataka hata awe mzuri vipi. Ziweke kwenye kopo lenye punje za mchele mkavu, mbali na sisimizi. Sisimizi wa Muheza nawajua, wamewahi kunilia kazi ya wiki tatu usiku mmoja, wakaniachia pini na lebo.